Damu ya bluu: nusu mbili za kichupa kimoja

Leo naanza kwa kuomba radhi. Wiki chache zilizopita niliandika habari ndogo gazetini, kwenye ile sehemu ya sayansi ambayo mhariri huitumia kuziba nafasi tangazo likichelewa. Niliandika kwamba kuna mnyama wa baharini mwenye damu ya bluu, na kwamba shaba iliyomo ndani ya damu hiyo ndiyo inayogundua uchafu wa bakteria kwenye chanjo na dripu kabla hazijatufikia hospitalini. Nilijisikia vizuri sana. Kichwa cha habari kilikuwa kikubwa kuliko habari yenyewe.

Kesho yake nikapata ujumbe wa simu kutoka kwa mwalimu wangu wa Baiolojia wa kidato cha tano. Nikampigia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimesoma habari yako. Ile shaba uliyoisifia, wenyewe wanaimwaga."

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama enzi zile za ubaoni. Damu ya mnyama yule inawekwa kwenye kichupa, inazungushwa na mashine kwa kasi, seli zinatuama chini na majimaji ya bluu yanabaki juu. Ya juu yanamwagwa. Kinachotakiwa ni cha chini. "Umempa medali mchezaji ambaye siku hiyo hakuingia uwanjani," akasema. Nikataka kukimbilia kuandika masahihisho. Akanizuia: "Subiri kwanza. Kasome huyo anayemwagwa ana kazi gani nyingine. Ukimaliza ndiyo uandike."

Basi nimekuwa nikisoma. Na nilichokikuta ni kwamba mimi nilikosea upande mmoja, lakini wanasayansi wenyewe, tena wakubwa, waliangalia upande mmoja tu wa damu hii kwa zaidi ya miaka 100. Hiyo ndiyo hadithi ya leo. Chukua chai, ni ndefu kidogo.

Tuanzie mahali tunapopafahamu, yaani meza ya pweza. Ukipita jioni mitaa mingi ya Dar au pale Forodhani, Unguja, utakuta watu wamezunguka meza, vijiti mkononi, bakuli la pilipili katikati, na vikombe vya supu. (Kwa nini vijana wa kiume hupenda ile supu mnajua wenyewe, mimi simo, he he he.) Wachache sana pale wanajua kwamba huyo pweza, alipokuwa hai, damu yake ilikuwa ya bluu.

Damu yetu sisi ni nyekundu kwa sababu ya himoglobini, protini yenye chuma inayobeba oksijeni ikiwa imefungiwa ndani ya seli nyekundu. Pweza hana seli hizo. Yeye ana protini nyingine inayoitwa himosianini, yenye shaba, na inaelea yenyewe kwenye majimaji ya damu. Atomu mbili za shaba zinashirikiana kushika molekuli moja ya oksijeni. Zikiishika, damu inakuwa ya bluu. Zikiiachia, rangi inapotea. Ngisi anayo, konokono wengi wanayo, kaa, kamba, kambakochi, nge na buibui wengi pia. Wadudu wengi hawaihitaji kwa sababu hewa inaingia mwilini mwao moja kwa moja kwa vijibomba. Na mnyoo wa ardhini, cha ajabu, anatumia himoglobini kama sisi. Kwa hiyo usiseme wanyama wote wasio na uti wa mgongo wana damu ya bluu. Nimeshakosea mara moja, sitaki kukosea tena.

Sasa historia. Mwaka 1833 mkemia wa Kiitaliano, Bartolomeo Bizio, alikuta shaba katika konokono wa baharini wa jamii ya Murex, wale ambao watu wa kale walikamua kwao rangi ya zambarau. Mwaka 1847 Mjerumani Emil Harless akaandika kuhusu damu ya bluu ya wanyama wasio na uti wa mgongo na shaba iliyomo ndani yake. Lakini shaba hiyo inafanya nini mle? Kwa muda hakuna aliyekuwa na jibu la kueleweka.

Jibu lilikuja mwaka 1878 kutoka kwa kijana wa Kibelgiji, Léon Fredericq, ambaye alikuwa hajafikisha hata miaka 30. Alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya bahari ya Roscoff, pwani ya Ufaransa. Alimpasua pweza akaangalia mishipa yake. Damu iliyokuwa ikitoka kwenye matamvua, baada ya kupata oksijeni, ilikuwa ya bluu. Damu iliyokuwa ikirudi kutoka mwilini ilikuwa haina rangi. Akaelewa mara moja: hiki ndicho kinachobeba pumzi ya pweza. Akakipa jina kwa Kigiriki, damu na bluu pamoja: himosianini.

Miaka 14 kabla yake, mwaka 1864, Mjerumani Felix Hoppe-Seyler alikuwa ameipa himoglobini jina lake. Kwa hiyo kila mtu alishakuwa na mfano kichwani. Nyekundu inabeba oksijeni kwetu, bluu inabeba oksijeni kwa pweza. Ni kweli kabisa, na ugunduzi wa Fredericq unasimama hadi leo. Tatizo ni kwamba jina likawa kama barua ya ajira. Mtu akishaandikwa kwenye barua kuwa ni mpagazi, nani atamuuliza kama anajua pia kupigana?

Hebu angalia kilichotokea miaka minne tu baadaye. Mwaka 1882, huko Messina, kisiwani Sicily, mtaalamu wa wanyama Elie Metchnikoff, aliyezaliwa katika eneo ambalo leo ni Ukraine, alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Viluwiluwi hivyo vinaonyesha mpaka ndani kama kioo. Akawachoma kwa miiba. Asubuhi akakuta seli zimeuzunguka mwiba kama watu waliomkamata mwizi. Kutokana na hapo akajenga hoja kwamba seli hula wavamizi. Mwaka 1908 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Kuanzia hapo damu ya wanyama hawa ikawa na idara mbili. Idara ya pumzi ikachukua majimaji, yaani ile bluu. Idara ya kinga ikachukua seli. Kila mmoja na majarida yake, mikutano yake na wanafunzi wake.

Idara ya pumzi haikulala. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Msweden Theodor Svedberg, mshindi wa Nobel ya Kemia ya mwaka 1926, aliizungusha himosianini ya konokono kwenye mashine yake ya kasi kubwa akakuta kwamba molekuli yake ni kubwa ajabu, ina uzito wa mamilioni mara ya atomu ya haidrojeni, na zote zina ukubwa uleule. Wakati huo wengi walidhani protini ni mchanganyiko usio na umbo maalumu, kama uji. Damu ya konokono ikasaidia kuonyesha kwamba ni vitu vyenye umbo na kipimo. Siyo kazi ndogo hiyo.

Idara ya kinga nayo ikampata shujaa wake. Hapa ndipo anapoingia yule mnyama wangu wa gazetini. Hayupo kwenye pwani yetu, kwa hiyo hana jina la Kiswahili lililozoeleka. Kwa Kiingereza anafananishwa na kwato ya farasi kwa sababu ya gamba lake, kwa hiyo hapa nitamwita kaa-kwato, ingawa si kaa. Ndugu zake wa karibu ni buibui na nge. Aina zake ni nne tu, moja pwani ya mashariki ya Amerika na tatu Asia, na mababu zake wameonekana kwenye mawe yenye umri wa miaka milioni 445 hivi. Dinosaria wamekuja na kuondoka, yeye yupo.

Mwaka 1956 daktari wa Kimarekani Frederik Bang, aliyekuwa akifanya utafiti wake Woods Hole, Massachusetts, alieleza kwamba kaa-kwato akiingiwa na bakteria fulani, damu yake inaganda. Mwaka 1964 yeye na mwenzake Jack Levin wakaonyesha kwamba kinachosababisha ni endotoksini, sumu iliyopo kwenye ukuta wa bakteria hao, na kwamba mitambo ya kugandisha imo ndani ya zile seli. Seli zikinusa sumu zinapasuka, zinamwaga vimeng'enya vyake, na damu inakuwa kama jeli.

Sumu hiyo ndiyo inayoweza kumpa mgonjwa homa kali, hata kumuua, ikiingia na sindano. Bakteria wanaweza kuwa wameshakufa kwa kuchemshwa, sumu yao ikabaki. Kabla ya hapo dawa ilipimwa kwa kumchoma sungura na kusubiri kuona kama atapata homa. Kuanzia mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani ilianza kukubali kipimo cha seli za kaa-kwato badala ya sungura, na dunia ikafuata. Chanjo, dripu, insulini na vyuma vinavyowekwa mwilini, sehemu kubwa ya hivyo imepita mbele ya seli za kaa-kwato. Hapo nilikuwa sahihi. Nilikosea nilipoisifia shaba. Shaba haimo kwenye kipimo. Ilishamwagwa.

Hiyo ndiyo picha ninayotaka ubaki nayo: kichupa kimoja, nusu mbili. Chini seli, zinaheshimiwa kama askari. Juu bluu, inaitwa mpagazi na kumwagwa. Na cha kushangaza ni kwamba kwenye damu ya kaa-kwato himosianini ni zaidi ya asilimia 90 ya protini zote za majimaji yale. Ndiyo kitu kilichojaa kuliko vyote.

Dalili kwamba mpagazi ana kazi nyingine zilikuwepo, tena hata sokoni. Waulize wauza samaki wa Feri kuhusu kamba. Watakwambia kamba akikaa, hata kwenye barafu, anaanza kuwa mweusi kichwani na kwenye viungo, na bei inashuka. Weusi ule si uozo. Ni melanini, rangi ya jamii ileile iliyopo kwenye ngozi na nywele zetu, na inatengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya kinachoitwa fenoloksidesi. Kazi ya namna hiyohiyo ndiyo inayofanya kiazi ulichomenya kigeuke kahawia.

Kwa kamba aliye hai weusi ule ni silaha. Akijeruhiwa, au kuvu ikimwingia, fenoloksidesi inaamshwa, inazalisha kemikali zenye sumu kwa vijidudu, kisha inawafunika kwa gamba jeusi na kuziba jeraha. Kinga ya aina hiyo ipo kwa kaa, wadudu na jamaa zao wengi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea, kundi la Kenneth Söderhäll huko Uppsala, Sweden, lilichambua jinsi inavyoamshwa kwa kutumia kamba wa maji baridi.

Mwaka 1995 maabara kadhaa zilisoma herufi za kijeni za fenoloksidesi hiyo, ya kamba wa maji baridi na ya wadudu. Walipolinganisha na protini nyingine, ndugu yake wa karibu akawa nani? Himosianini. Mpagazi na askari walikuwa watoto wa nyumba moja. Wote wanashika atomu mbili za shaba kwa mtindo mmoja.

Swali likawa: kama ni ndugu, mpagazi anaweza kushika silaha? Mwaka 1998 Heinz Decker na Thorsten Rimke, huko Mainz, Ujerumani, walichukua himosianini ya buibui mkubwa mwenye manyoya wakaikata kidogo kwa vimeng'enya. Ikaanza kufanya kazi ya fenoloksidesi. Maelezo yao ni rahisi kuyaelewa kama mlango. Shaba imekaa chumbani. Oksijeni ni ndogo, inapita kwenye upenyo. Vitu vikubwa vinavyohitajika kutengeneza melanini haviwezi kuingia kwa sababu mlangoni kuna kipande cha protini kimeziba. Ondoa kipande, mlango uko wazi, na shaba ileile iliyokuwa ikibeba pumzi inaanza kupika sumu.

Lakini kukata protini maabarani ni kitu kimoja. Je, ndani ya mnyama nani anaufungua mlango? Hapo ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Mwaka 2000 Wajapani wawili wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Nagai na Kawabata, walichapisha kazi yao kuhusu kaa-kwato wa Asia. Walichukua vimeng'enya vinavyotoka kwenye seli, vilevile vinavyogandisha damu endotoksini ikionekana, wakavikutanisha na himosianini ya majimaji. Yaani waliirudisha nusu ya chini ya kichupa kwenye nusu ya juu. Kimeng'enya cha kugandisha kikaishika himosianini na kuigeuza kuwa fenoloksidesi, tena bila hata kuikata. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba hata vipande vidogo vya protini vinavyoua bakteria, vinavyotolewa na seli hizohizo, vinaweza kuiamsha.

Umeona? Seli zinapopasuka hazigandishi damu tu. Zinampigia filimbi mpagazi aliyejaa kila kona ya mwili naye ashike rungu. Askari na mpagazi walikuwa wakizungumza siku zote. Sisi ndio tuliowatenganisha kwa mashine ya kuzungusha, kisha tukashangaa kwamba mmoja wao hana la kusema.

Baada ya hapo habari zikafuatana. Mwaka 2001 timu iliyoongozwa kutoka Ufaransa na Delphine Destoumieux-Garzón ilikuta kwamba kamba wanaofugwa, wakipata maambukizi, himosianini yao inatoa vipande vya mkiani vinavyoua kuvu. Mwaka 2003 kundi la Söderhäll likaeleza kipande cha himosianini chenye amino asidi 16 tu kinachoua bakteria, kutoka kwa kamba wa maji baridi. Hapa si kubadilisha kazi tena. Ni kuvunjika vipande na kila kipande kuwa mkuki.

Mwaka 2007 Ding Jeak Ling, Ho Bow na wenzao wa Singapore wakaongeza jambo lililonifanya niangalie mkono wangu mwenyewe. Vijidudu vingi hatari vinatoa vimeng'enya vya kukata protini ili vijipatie njia na chakula. Timu hiyo ilionyesha kwamba vimeng'enya hivyo vinapoigusa himosianini vinaiamsha izalishe kemikali kali zinazoua vijidudu vyenyewe. Mwizi anavunja mlango, na mlango unamlipukia usoni. Kisha wakaonyesha kwamba himoglobini, ile nyekundu yetu, ikitoka nje ya seli inaweza kufanya kitu kinachofanana na hicho. Kwa hiyo hata sisi wenye damu nyekundu tulikuwa tumeisoma barua ya ajira ya protini yetu ukurasa wa kwanza tu.

Naomba nisipigie debe kupita kiasi, maana ndiyo ilikuwa dhambi yangu ya kwanza. Mambo mengi kati ya haya yameonekana kwenye vichupa, mara nyingine kwa kutumia sabuni kali kuilazimisha himosianini ifunguke. Ndani ya mnyama hai, ukubwa wa kazi hiyo bado unajadiliwa, na unatofautiana kati ya mnyama na mnyama. Kwa kaa-kwato hoja ina nguvu zaidi. Kwa pweza uwezo huo unaonekana ni mdogo, na kuna sababu: himosianini ya pweza na ya kaa si ndugu wa karibu kama jina linavyodanganya. Zilitokea kwa njia mbili tofauti, kila moja kwa ukoo wake, kisha watu wakazipa jina moja kwa sababu ya rangi. Jina la mwaka 1878 lilificha hata hilo.

Sasa utaniuliza, haya yote yanatuhusu nini sisi tunaogombania daladala? Nina majibu mawili.

La kwanza ni mbu. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba kwa kuchagua vizazi maabarani wamepata ukoo wa Anopheles gambiae, mbu huyuhuyu wa kwetu, ambao vimelea vya malaria vikiingia tumboni mwake vinafunikwa kwa gamba jeusi la melanini na kufia humohumo. Mbu hatumii himosianini kupumua, lakini silaha ile ni ya ndugu zake wa damu, fenoloksidesi za wadudu. Ukielewa jinsi ukoo huu wa protini unavyoamshwa, umeelewa sehemu ya jinsi mbu anavyoamua kumbeba kimelea au kumuua. Kwa nchi zetu hilo si jambo la kupita tu.

La pili ni kamba. Ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kirusi, ulianza kuangamiza mashamba ya kamba Asia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2011 ukafika Msumbiji, na 2012 Madagaska. Hiyo ni bahari yetu hii hii. Kamba hana kingamwili kama zetu, kwa hiyo huwezi kumpa chanjo kama mtoto wa kliniki ukategemea akumbuke. Anachokitegemea ni kinga ya kuzaliwa nayo, na kwenye damu yake protini iliyojaa kuliko zote ni hiyo bluu. Anayetaka kufuga kamba Afrika Mashariki bila kujua himosianini inafanya nini kamba anapougua, anafuga kwa kubahatisha.

Tumalizie na kaa-kwato, maana namdai heshima. Kwa ajili ya kipimo chetu anakamatwa, anatobolewa karibu na moyo, anatolewa hadi karibu theluthi moja ya damu yake, kisha anarudishwa baharini. Huko Marekani peke yake, miaka ya karibuni idadi yao imefikia karibu milioni moja kwa mwaka. Makadirio ya wanaokufa kutokana na zoezi hilo yanaanzia kama asilimia 15, na baadhi ya tafiti zinafika 30. Na kumbuka, wakati anatolewa damu ile, anapoteza pumzi na askari kwa pamoja. Zamani tungesema amepungukiwa oksijeni tu. Leo tunajua amerudishwa majini na kinga pungufu pia, siku ambayo ana jeraha.

Njia nyingine ipo. Katika miaka ya 1990 Ding Jeak Ling na Ho Bow, walewale wa Singapore, walichukua jeni ya kimeng'enya kinachonusa endotoksini wakaiwezesha kutengeneza kimeng'enya hicho maabarani bila kumgusa mnyama. Kipimo kikaingia sokoni mwaka 2003. Kitabu cha viwango vya dawa cha Ulaya kilikikubali rasmi kuanzia Januari 2021. Cha Marekani kiliidhinisha vipimo vya aina hiyo Julai 2024, na vikaanza kutumika rasmi Mei 2025. Zaidi ya miaka 20 tangu kiingie sokoni! Sababu kubwa ya kusubiri ilikuwa mazoea na hofu ya kubadilisha kitu kinacholinda uhai wa watu. Hofu hiyo naielewa. Lakini naona pia tabia ileile ya zamani. Tulishaamua kaa-kwato ni kiwanda cha kipimo, na ukishaamua hivyo huoni haraka ya kuuliza ana shughuli gani nyingine.

Basi, masahihisho yangu. Mhariri amenipa nafasi ya sentensi mbili tu gazetini, na ameshaonya kwamba ya tatu ataikata. Nimeandika hivi: "Katika habari yetu ya awali tulisema shaba iliyomo kwenye damu ya bluu ndiyo inayogundua sumu ya bakteria. Kinachogundua ni seli, na bluu humwagwa." Sentensi ya tatu, ambayo haikupata nafasi, naiweka hapa kwangu ambako hakuna wa kuikata: bluu inayomwagwa nayo ni askari, na ilichukua miaka 122, kutoka Roscoff hadi Kyushu, mtu kumimina nusu mbili za kichupa pamoja na kuona zinavyozungumza.

Mwalimu, kazi ya nyumbani ndiyo hiyo. Nasubiri kalamu nyekundu. Na nyinyi wengine, hasa mliosoma hii sayansi kuliko mimi, nikikosea tena msinionee haya, ukumbi ni wenu.